Mama Yako wa Chuma

Tobias, mtoto wa Philister,

Hapa Dagoretti nimetangaza kwamba ile saa ya mjini yenye sanamu zinazotembea niliiunda mimi. Haya, ni uongo. Ni kazi yako. Mimi hata kengele ya baiskeli ilinishinda kufunga.

Lakini si ungeniambia! Ilipogonga saa sita akatoka mwanamke wa chuma, akainama kufagia, akashika kiuno. Mama yako mzima mzima! Nikakaa chini pale pale barabarani. Askari akauliza, "Mzee, umelewa?"

"Huyo ni bibi yangu," nikamwambia. "Ngoja amalize kufagia."

Tulimzika bila wewe, nikasema umemsahau. Kumbe hata alivyoshika kiuno unakumbuka.

Nilikunyoa nywele utoto wako wote, kichwa kigumu hicho. Njoo Jumapili uninyoe.

Baba yako,
Oyoo