Rimu za Impala ya Baba Mdogo Celestino

Gereji ya Archuleta,
Barabara ya Fairview,
Española, New Mexico.

11 Juni 1996

Mpendwa mdogo wangu Ubaldo,

Pokea salamu zangu kutoka huku bondeni, zikufikie ukiwa umekaa na kikombe chako cha kahawa mkononi. U mzima? Mkeo Marlys naye, kile kikohozi kimemwachia? Na Ione, ameanza kusimama au bado anatambaa na kuvuta kila kitambaa cha meza? Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti la kaka Adelaido, ambalo amelifanya kuwa habari ya kijiji kizima. Mvua bado haijatugusa. Maua ya aprikoti yote yaliuawa na baridi ya Aprili, kwa hiyo mwaka huu usitegemee jamu. Mama yako hajambo. Tena hajambo kuliko unavyodhani, utaona mwenyewe.

Barua yako uliyoandika uliposikia rimu zimepatikana niliipata. Uliandika kwa herufi kubwa: USIGUSE RIMU ZA BABA. Nimekuelewa. Najua theluji ya huko kaskazini ilikuzuia kufika mazikoni mwaka jana, na najua ndani ya lile gari lake la Impala ndimo unamomwona baba yako unapofumba macho. Kwa hiyo nakuambia mapema, usije ukaisoma barua hii roho ikiwa juu: nimezigusa. Nimezitoa. Impala ina rimu mpya, na mimi ndiye niliyezifunga kwa mikono yangu. Nisikilize mpaka mwisho, halafu ukitaka kunitukana, simu ya gereji unayo.

Unakumbuka kwamba baba mdogo alipoanza kuugua alizivua rimu zake za alumini, zile zenye miguu mitano, akaliacha gari kwenye rimu za kawaida za chuma. Hakumwambia mtu alikoziweka. Mwezi wa tatu nilipokuwa nasaidia kusafisha banda la kuku la mama yako, nikazikuta nyuma ya magunia, zimefungwa blanketi la harusi yao. Mama yako aliliona blanketi kwanza. Alisema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Nilizisugua wiki nzima. Alumini ikang'aa, kromu ya pembeni ikabaki na vipele vya kutu, lakini zilipendeza, sikatai. Wenzake baba yako wa chama cha magari walikuja kuziona. Porfirio Tafoya, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, alivua kofia kama aliyeingia kanisani.

"Orlinda," akasema, "bila hizi, lile si gari la Celestino. Ni gari tu."

Mpango ulikuwa huu: Jumapili ya misa ya kutimiza mwaka wa kifo chake, magari yote ya chama yatoke kanisani polepole mpaka makaburini, Impala ikiwa mbele, mama yako amekaa kiti cha abiria. Kila mtu aliutaka mpango huo. Mimi pia niliutaka. Nikavisha zile rimu tairi mpya, nikabalansi, nikafunga.

Kabla ya Jumapili hiyo nikasema ngoja nilijaribu gari. Nikampakia mama yako tukapanda mlimani Truchas kumwona shangazi Ursulita. Kupanda hatukuwa na tatizo. Tulikula supu yake ya mahindi, posole, tukasengenya kidogo, tukaanza kushuka. Unazijua kona zile, na unajua upande wa pili wa kona kuna nini. Tukiwa katikati ya mteremko usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu, mwanzo kidogo, halafu sana.

"Ndivyo linavyofanya siku zote?" mama yako akaniuliza.

"Hapana, mama mdogo."

"Basi simama."

Nilitumia gia kulipunguzia mwendo, nikalitoa pembeni karibu na kile kikanisa kidogo. Nati zilikuwa zimekazwa vizuri. Tairi lilikuwa zima. Kwa macho sikuona kitu. Lakini mikono yangu imeshika magari tangu nikiwa msichana, na ilikuwa inaniambia jambo. Tulirudi nyumbani kwa mwendo wa mtu anayechunga kondoo, taa za tahadhari zikiwaka, mama yako akisali rozari kwa sauti na kuikatiza kunionya kila aonapo shimo.

Gerejini nilizivua zote nne, nikazipaka ile dawa nyekundu ya kutafutia nyufa. Unapaka, unangoja, unafuta vizuri, unapulizia unga mweupe. Kama chuma ni kizima, unga unabaki mweupe. Kwenye rimu ya mbele kushoto ukajitokeza mstari mwekundu kutoka tundu la nati moja mpaka la pili, na wa pili ukaufuata. Ya nyuma upande huohuo ilikuwa imeanza. Nilikaa chini sakafuni, Ubaldo. Nilikuwa nimemweka mama yako juu ya kitu kile, na bonde lile likiwa chini yetu.

Porfirio nilimwita aje aone. Akaangalia, akakuna shingo.

"Chomelea," akasema.

"Sichomelei. Alumini ya umri huu ukiichomelea inakuonyesha uso mzuri, halafu siku moja kwenye kona inakuacha."

"Tunakwenda mwendo wa kobe, Orlinda! Kanisani mpaka makaburini. Kobe!"

"Na baada ya makaburi? Utakuwa unaliamuru wewe lisipande Truchas?"

"Wewe ni mgumu kama baba yako."

"Ahsante."

Alichonishinda ni kusema kwamba tutafute mbili nyingine za zamani kama hizo. Ilikuwa haki yake kusema hivyo. Kwa hiyo nikaendesha mpaka Antonito, kwa bwana mmoja mwenye ghala la vipuri vya magari ya kale. Alikuwa nazo ukutani, za umri uleule, zimepigwa rangi ya fedha. Nikamwomba nizipake dawa yangu kabla ya kununua. Akasimama kati yangu na ukuta.

"Dawa hairuhusiwi hapa, mama. Unachukua au unaacha."

Nikaacha. Mtu anayeogopa rimu zake zisipimwe ameshanijibu swali langu.

Nikaamua: tutaweka mpya, zilizoundwa kwa sura ileile ya miguu mitano. Zinatengenezwa siku hizi, imara, na hata wewe ungesimama ng'ambo ya barabara usingetambua. Niliona nimemaliza kazi. Kilichobaki kilikuwa kumweleza mama yako, na hilo nililiogopa kuliko kona za Truchas, maana yeye ndiye aliyekuwa ameniambia mbele ya Porfirio, "Wekeni za Celestino."

Nilimkuta jikoni akisukuma tortilla. Nikamwekea mezani picha ya zile rimu mpya, nikaanza kusema polepole kama daktari mwenye habari mbaya. Alinisikiliza huku mikono yake ikiendelea na kazi.

"Za mtindo uleule?" akauliza.

"Uleule, mama mdogo."

"Na zile za zamani hazifai kabisa? Una hakika?"

"Nina hakika. Mimi mwenyewe sitaziendesha tena, na wewe sitakupandisha."

Akaweka kijiti cha kusukumia chini. Akafuta mikono kwenye aproni. Kisha akacheka, Ubaldo. Alicheka mpaka akashika meza. Nikadhani ni uchungu umempanda kichwani, nikamshika bega.

"Niache," akasema. "Nazichukia zile rimu. Nimezichukia tangu siku aliyozileta. Zinafanana na vifuniko vya sufuria za hospitali. Na sasa wewe mwanangu umekwenda kunitafutia nyingine zilezile, mpya!"

Nikamwuliza kwa nini basi alisema tuziweke.

"Porfirio alivua kofia. Ubaldo aliandika kwa herufi kubwa. Kila mtu alikuwa na Celestino wake. Ningesema nini? Nikasema wekeni."

Akavuta kiti akakaa, jambo ambalo halifanyi tortilla zikiwa jikoni. Akanisimulia kwamba walipokuwa wachumba, gari moja lilipita mbele ya nyumba ya wazazi wake likiwa na rimu za spoku, nyembamba, zinamwaga jua barabarani kama maji. Akamwambia Celestino, weka kama zile. Baba yako akasema zile ni za watu wa majivuno. Alimwomba tena walipooana, na tena wewe ulipozaliwa. Kila mara baba yako alimjibu kwamba siku mama yako atakapokuwa na gari lake mwenyewe ataweka anachotaka.

"Sasa gari ni la nani?" akaniuliza.

"Ni lako, mama mdogo."

"Basi nataka za spoku. Na pale katikati pawe na dhahabu."

"Dhahabu?"

"Dhahabu, Orlinda. Usinitazame kama kasisi."

Nikaagiza za spoku. Zilipofika nilizikagua moja moja kama mtu anayenunua farasi. Nilipiga kila spoku kwa spana ndogo nikisikiliza mlio wake, maana iliyolegea haiimbi kama wenzake, na zote ziliimba. Nikafunga vishikio vyake kwenye ekseli, nikaendesha, nikarudi nikakaza tena, nikaenda Truchas peke yangu na kurudi kwa mwendo ambao sitakuambia. Usukani ulitulia kama meza. Kwa hiyo usiniandikie kwamba spoku ni urembo tu.

Porfirio alipoliona gari alibadilika rangi.

"Mmemvalisha marehemu nguo za mtu mwingine," akasema.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini mama yako alitangulia.

"Porfirio, marehemu yuko makaburini na suti yake ya kahawia, niliichagua mimi na ilimkaa vizuri. Hili hapa ni gari langu. Unakuja Jumapili au huji?"

Akainama akazitazama zile rimu. "Nakuja, Eufelia," akasema, na Jumapili alfajiri nilimkuta uani kwenu, kapiga magoti na kitambaa, anapangusa spoku moja baada ya nyingine.

Misa ilikuwa nzuri. Kwaya ilikosea wimbo wa pili kama kawaida. Tulipotoka nikaenda mlango wa dereva, na mama yako akanisimamisha kwa kunyoosha kiganja.

"Funguo."

Unajua kwamba baba yako hakumpa funguo za Impala hata siku moja. Ameendesha lori la dobi la hospitali maisha yake yote, theluji na jua, lakini Impala hapana. "Aliniambia linavuta kushoto," akaniambia, akirekebisha kiti, "kwamba linataka mkono wa mwanamume."

"Halivuti kushoto."

"Najua halivuti. Nilikuwa nalitoa kidogo akiwa kazini. Funga mlango."

Basi nikakaa kiti cha abiria, mimi. Aliliongoza taratibu, mgongo umenyooka, magari ya chama yakitufuata mpaka nyuma ya duka la mbegu. Makaburini hakuegesha pale tulipopangiwa. Alipita kwenye nyasi, akaligeuza ubavu mbele ya kaburi, jua likapiga dhahabu yote ile, akashusha kioo. Injini iliendelea kunguruma. Nilitazama upande mwingine ili nimpe nafasi yake, lakini nilimsikia.

"Unaona, Celestino?" akasema. "Nilikwambia."

Halafu akalia. Alilia vizuri, kwa muda, mkono ukiwa kwenye usukani, na hakuna aliyemsogelea. Hata kwenye mazishi hakulia hivyo; siku ile alikuwa anapika na kuhesabu viti. Nilikuwa naingoja siku hiyo kwa mwaka mzima, na nadhani na yeye pia.

Mdogo wangu, zile rimu za baba yako zote nne ni zako. Mbili nzima, mbili zina ufa. Nimezifunga vizuri, si kwa lile blanketi, hilo mama yako amelichukua na kulifua. Nitakutumia ile ya mbele kushoto kwanza. Ipitishe kidole kwenye mstari mwekundu, sijaufuta. Baada ya hapo tutaongea.

Adelaido anakusalimu wewe na goti lake linakusalimu. Shangazi Ursulita anauliza kama huko kweli jua halitui wakati wa kiangazi, na kama ndivyo, mnajuaje saa ya kulala. Porfirio anasema umpigie, ana maneno. Mbusu Ione kwa niaba yangu, na mwambie Marlys nimemwekea pilipili za kukaanga kwenye barafu, mfuko mzima. Mungu awalinde juu ya nguzo za umeme unazopanda kazini na chini yake, na barabara za huko ziwe na huruma kwenu.

Njoo mwezi wa nane kama ulivyoahidi. Mama yako atakuja kukupokea Albuquerque kwa Impala, amekataa kabisa nimsaidie. Tulipotoka makaburini ile Jumapili hakukata kona ya kwenda nyumbani. Alinyoosha moja kwa moja mpaka barabara ya Riverside, vijana wanakotembezea magari yao ya kujionyesha, kiwiko dirishani, polepole, macho bado mekundu. Vijana waliokuwa kwenye gari la pili wakapiga honi, mmoja akatoa kichwa na kupaza sauti:

"Bibi! Unampeleka nani?"

"Najipeleka mwenyewe!" akajibu, akakanyaga mafuta.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kubadilika,

Orlinda Archuleta