Mgeni Alale Nje

Yoba, Gitega. Jumatano. Mvua imekatika saa nne, matope yamebaki, na mimi naandika haya kwenye simu, bado nina hasira.

Nianze na jambo ambalo majirani zangu hapa Yoba wamechoka kulisikia: mimi ni mtu wa bahati. Mbu hawaniumi. Nimezaliwa kambini Kigoma, nimeuza mitumba Kahama, nimevuka mpaka Uvira kufuata vitenge, nimelala juu ya magunia ya chumvi na chini ya malori, na hakuna mbu hata mmoja aliyewahi kunipa malaria. Damu yangu ina pilipili. Wenzangu wakitetemeka, mimi ndiye ninayewachemshia uji.

Kwa hiyo watu wa afya walipotafuta mtu wa kuzunguka na megafoni kuwafundisha watu habari za malaria, wangemchukua nani mwingine? Shule niliiacha darasa la sita, lakini mdomo wangu umefika chuo kikuu.

Wiki tatu zilizopita walinituma Mwakiro, huko Muyinga. Nikasimama mbele ya kanisa baada ya ibada, nikawachekesha mpaka mchungaji akajifuta machozi. Niliwaambia kuhusu bahati yangu ya mbu, wakapiga makofi. Nikawaambia: chandarua ni dhahabu! Msianikie maharage, msifungie kuku, kitunzeni kama dhahabu!

Nilijiona nimesema vizuri sana.

Siku ile nililala kwa Mama Shukuru, mkulima aliyekulia Tanzania kama mimi. Anaishi na mama mkwe wake na watoto watatu. Aliniachia kitanda, akatoa chandarua kipya kwenye pakiti yake, bado kinanukia dawa, akakitundika. Nikalala kama waziri. Asubuhi nikamsifu mbele ya majirani: huyu mama ni mfano!

Sikuuliza watoto walilala wapi.

Juzi, Jumatatu, nimerudi. Shukuru ana miaka minne. Mara ya kwanza alinifuata kila mahali akiniigiza, kikombe cha plastiki mdomoni ndiyo megafoni yake. Safari hii nimemkuta amekaa mlangoni, kimya, shingo imekuwa nyembamba kama ya kifaranga. Malaria. Homa siku tatu wakidhani ni mafua, ya nne degedege. Baba yake mdogo alimkimbiza kwa baiskeli hadi kituo cha afya, akiwa amefungwa mgongoni kwa kitenge. Wakamtundikia maji na dawa. Amepona, lakini ilibaki kidogo sana.

Nikauliza chandarua kiko wapi.

Kilikuwa kwenye gunia, kimekunjwa vizuri, pamoja na shuka jeupe na sahani za harusi. Aliyejibu ni bibi, kwa Kiswahili chake cha sokoni, kama anamfundisha mtoto:

"Yewe, ile iko ya mgeni. Mgeni atakuja akute imetoboka? Si ni aibu hiyo?"

Nikaingia nyumba ya pili, ya tatu, ya nne. Gunia, sanduku, gunia. Kila nyumba inacho, kila nyumba imekificha. Kumbe walinisikiliza vizuri mno! Niliwaambia ni dhahabu, na kwetu kitu cha dhahabu hakilaliwi na watoto, kinamngoja mgeni. Na mgeni mwenyewe nilikuwa mimi.

Nikarudi kwa Mama Shukuru, nikachukua misumari minne na kamba ya katani, nikakitundika chandarua mwenyewe juu ya mkeka wa Shukuru na ndugu zake, nikakichomeka chini pande zote. Bibi akanuna. Akaniambia basi nibaki nilale, nisimkatalie tena. Nikakataa hilo pia. Hakunipa mkono wa kuniaga.

Nikaenda moja kwa moja sokoni na megafoni.

"Mgeni alale nje! Mtoto alale ndani!"

Mzee mmoja akanisogelea na fimbo yake. "We kijana, huko Tanzania walikulea bila adabu?"

"Adabu ninayo, mzee, ila haizuii mbu!"

Mkongomani anayeuza vitenge, mtu wa Kivu Kusini, akadakia: "Na mi mgeni nilale wapi? Mbu inimalize?"

"Wewe tembea na chako, ndugu, kama mswaki!"

"Aa, vraiment, kweli kabisa! Leo wamenifukuza Burundi kwa sababu ya mbu!"

Soko lilicheka. Lakini nimewaona kina mama wawili wameondoka haraka kabla hawajamaliza kuuza, na napenda kuamini walikuwa wanakwenda kufungua magunia.

Leo asubuhi, ofisini hapa Gitega, shefu ameniita. Nani kaniruhusu kubadilisha ujumbe? Eti natukana mila. Eti niandike ripoti kwamba kaya zote nilizotembelea zina vyandarua. Nikaandika, kwa herufi kubwa: VIPO. HAVILALIWI. Akasema nikirudia ataninyang'anya megafoni.

Anyang'anye. Mapafu ni yangu.

Nitarudi Mwakiro hata kwa miguu, na nitayasema yaleyale. Watoto na wajawazito kwanza, kila usiku, hata usiku ambao husikii mbu. Mtoto akipata homa apimwe siku hiyohiyo, homa haingoji Jumapili. Na mgeni akinuna, mwambieni ni mimi niliyewatuma, aje anitafute Yoba, nyumba yenye kelele.

Sasa nimalizie lile linalonichoma, kabla sijafunga simu kwa aibu.

Najua mbu hana kalenda. Huenda Shukuru aliumwa siku nyingine kabisa. Lakini jioni ile Mama Shukuru alipotundika chandarua, ningeweza kusema: mama, mimi si umenisikia kanisani, mbu hawaniumi, wape watoto. Sikusema. Niliingia mbio, nikachomeka pembe zote nne, nikahakikisha hakuna tundu.

Kwa sababu nilidanganya. Nimeugua malaria mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, moja nusura iniue, na mbu wananiuma kama wanavyomuuma kila mtu.