Mahali Palipoachwa Wazi

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Na presha? Mimi mzima, ila usingizi siku hizi nauiba tu.

Mama, hospitali yako ya zamani ndiyo ya kwanza kupokea mfumo wetu mpya! Kuanzia tarehe mosi Aprili hakuna tena mafaili ya karatasi. Nesi anabonyeza tu, habari zote za mgonjwa ziko kwenye skrini. Na mkurugenzi wetu hapa makao makuu amenikabidhi mimi kazi ya kuzihamisha.

Barua anakuletea dereva anayepeleka kompyuta huko, maana simu yako umeigeuza pambo la kabati.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linanisumbua kama mpangaji mkorofi. Barua yako nimewasomea majirani mpaka wamenichoka.

Sasa ngoja nikuudhi. Nimekaa wodini miaka thelathini na moja, nakwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Mafaili yabaki vitandani miezi miwili, yaende sambamba na hiyo mashine. Halafu, ukurasa wa kwanza wa kila faili tuliandika dawa zinazomdhuru mgonjwa. Nani ananakili hapo? Mwandiko wetu hata sisi wenyewe tulikuwa tunaulizana. Nijibu hilo kwanza, ndipo nikupongeze vizuri.

Mama yako

27 Machi

Mama,

Shikamoo, na samahani kwa ukimya. Swali lako lilinikera, nikaenda kukagua ili nikuonyeshe umekosea.

Hukukosea. Makarani waliposhindwa kusoma, waliruka. Na mfumo ukikuta pameachwa wazi, unajaza wenyewe: “Hakuna dawa inayomdhuru.” Nimehesabu wagonjwa wa namna hiyo mia mbili na kumi, nikaacha.

Nimemwomba mkurugenzi tuahirishe. Anasema wageni wa uzinduzi wamealikwa na mafaili yameshafungiwa stoo. Tutarekebisha wiki mbili za mwanzo, kazi ikiendelea. Nikamwambia basi manesi waambiwe. Akasema tukiwatisha hawataigusa mashine. Nimeweka sahihi kwamba mfumo uko tayari, mama. Naogopa. Tafadhali usimwambie mtu, nitafukuzwa. Ni wiki mbili tu.

Mwanao

29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Dereva ananingoja mlangoni, kwa hiyo naandika mbio.

Sitamwambia mtu. Sijawahi kuona haya kukuahidi kitu, leo nimeona. Hao uliowahesabu ni watu, mmoja mmoja, na nyumbani kwao wanangojewa. Rudi kwa mkurugenzi, umng'ang'anie.

Mama yako

8 Aprili

Mwanangu,

Leo salamu zimenishinda.

Niko wodi ya dharura, wanaume na wanawake pamoja, kitanda cha nne. Mguu uliota jipu, jirani akanileta juzi. Jana asubuhi nesi alipita na sindano za penisilini. Ni binti mwenye adabu, hana kosa. Alianzia kitanda cha tano, kwa fundi baiskeli mmoja aliyezidiwa na homa, hajitambui. Akatazama skrini, akaridhika, akamchoma.

Nilimwona akitazama ile skrini. Nilijua ninachokijua, nikajiambia labda huyu hana shida na dawa hiyo. Nilikuwa nimekuahidi.

Akaja kwangu. Nikamwambia hiyo itaniua. “Bibi, hapa inaonyesha huna tatizo lolote.” Nikakataa, akasisitiza, nikaupiga mkono wake sindano ikaanguka. Bado tunabishana, tukasikia fundi anakoroma. Uso umevimba, midomo imekuwa ya buluu. Daktari alikuja anakimbia, lakini wapi.

Wameandika kwamba kilichomuua ni homa. Mkewe anasema miaka mitano nyuma sindano hiyohiyo nusura imwue, humuhumu, na ikaandikwa kwenye faili lake.

Aliniuliza niliona nini. Nimemweleza yote, mwanangu, pamoja na kunyamaza kwangu. Nesi nimemwambia pia, tangu jana haigusi sindano kabla hajamuuliza mgonjwa au jamaa yake. Ahadi yangu nimeivunja, na laiti ningeivunja siku moja mapema.

Jina lako nimemtajia mama yule. Hakulia, hakutukana. Amesema anataka kukusikia wewe mwenyewe. Amekaa nje ya wodi, kashika viatu vya mumewe, na amekataa kwenda nyumbani. Panda gari la huyu dereva, uje naye.

Mama yako