Vidole Vinne Begani

Jumatatu, 20 Februari 1995

Leo kaja mtu na suruali ya kupunguza. Suruali haina shida yoyote! Mpya, urefu wake sawasawa, mpaka nikamuuliza niipunguze iwe ya mtoto? Akasema basi kidogo tu, nitakavyoona mwenyewe. Macho yake hayakuwa kwenye suruali wala kwenye cherehani. Yalikuwa ukutani, kwenye foto zangu.

Wateja wote huzitazama, hilo najua. Wanacheka, wananiuliza, nawaeleza. Kwamba mwaka 1958 Wazungu walikuja kutengeneza sinema kando ya ziwa, wakajenga boma la mbao na makaratasi, wakawaajiri watu wa mtaa wetu, Buyenzi, wawe kila kitu: askari, wapagazi, malkia. Kwamba marehemu baba aliwapikia. Walipoondoka wakamwachia bahasha ya foto walizopigwa watu wakati hawaigizi, na hizo ndizo ninazozipenda. Shujaa anabandikwa ndevu. Malkia anavuta sigara na taji kaliweka kwenye goti. Mamba wa mbao kalaliwa na paka. Sinema yenyewe sijaiona na sina haja nayo. Tangu hapo nakusanya. Nikisikia kwenye nyumba fulani kuna foto ya siku zile, situlii mpaka niipate.

Huyu hakucheka. Alisimama mbele ya foto ya mume wangu. Djibril kijana, ngozi ya chui, bangili mpaka kwenye kiwiko, kama askari wa ibwami, ikulu ya mwami, yaani mfalme. Mkono mmoja mkuki, mwingine kauweka begani kwa mtu mfupi mwenye kanzu na kofia. Mgeni akauliza hawa ni akina nani. Nikasema sijui. Uongo ulitoka wenyewe, na sijuti.

Anajiita Selemani. Amepanga chumba avenue ya juu. Kofia yake bado ina mkunjo wa dukani.

Jumanne, 21 Februari

Odette amepita. Mkongomani wa Uvira, anavusha vitenge na mafuta ya mawese pale mpakani Gatumba, mnafanya biashara naye huku mnacheka na ukirudi nyumbani unahesabu vidole vyako. Ameniletea foto moja ya sinema ileile! Wapagazi wanacheza karata juu ya jeneza la uongo. Ameipata kwenye mikeka ya soko la Gatumba, kwenye vitu vya watu.

Vitu vya watu gani, siulizi. Siku hizi foto zinapatikana kirahisi. Watu wanakimbia na godoro, albamu inabaki, mwingine anaingia anabeba. Nilifurahi, kisha nikaona aibu kufurahi. Foto nimeiweka.

Halafu ananiambia kwamba kuna mtu alimuuliza hapa mjini, kwenye stendi ya magari ya Gatumba, kuhusu foto za sinema ya zamani, mtu mwenye kofia mpya. Akamwelekeza kwangu. Nikamkaripia. Akashangaa, si ni mteja? Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu.

Alhamisi, 23 Februari

Djibril amerudi mapema kutoka Kinama. Ana gereji kule, yeye na wenzake wawili, miaka nenda miaka rudi, hakuna asiyemjua. Leo vijana walimzunguka. Si wale wa kununua spea. Wamemuuliza yeye ni nani hasa. Akasema Mswahili wa Buyenzi, mwajua wenyewe.

«Wanasema apana,» ananiambia. «Eti mi ni mutu wa ibwami. Eti kuko foto, nimevaa ngozi na mukuki. Nikacheka. Nikawaambia ile ni sinema. Hawakucheka, Mama Kudra.»

Wamempa mpaka baada ya Idi awaeleze vizuri. Kule Kinama, mtaa wa kabila jingine, sasa ukiwa wa ibwami umekwisha, hata kama ibwami uliisikia redioni tu. Na upande wa pili wa mji kuna bariyeri nyingine, vizuizi vya vijana barabarani, ambako usipokuwa wa ibwami ndiyo umekwisha. Sisi Waswahili tulidhani tumekaa katikati. Katikati hapakaliki tena.

Nimeishusha foto. Nimeitia ndani ya bitana ya koti la mteja aliyekufa. Ukutani pamebaki alama nyeupe ya mraba, nikatundika kalenda. Naogopa. Naandika hapa kwa sababu Djibril nikimwambia naogopa atacheka tena ili nisiogope.

Nani kasema? Miaka yote foto ilikuwa ukutani, nusu ya Bujumbura imeicheka. Lakini hakuna aliyekuwa na shida nayo mpaka Jumatatu.

Ijumaa, 24 Februari

Nilijua! Djibril ametoka msikitini anacheka peke yake. Selemani alikuwa safu ya mbele yake. Anachelewa kusujudu, jicho liko kwa jirani, na mwisho wa sala akatoa salamu akianzia kushoto. Djibril anasema labda amesilimu juzi, tumwombee. Mimi nasema aliyesilimu juzi hufundishwa kulia kwanza. Huyu hakufundishwa na mtu. Huyu amechungulia.

Mpelelezi. Wa upande upi, sijui. Wote wana macho siku hizi.

Jumamosi, 25 Februari

Ville morte, siku ya mgomo. Duka limefungwa, mji mzima kimya. Nimekaa nikiwapima watu kichwani mmoja mmoja, Odette, mteja wa mapazia, hata shemeji yangu. Nikajichoka. Kufunga na huku unashuku kila mtu ni kazi mbili kwa tumbo moja.

Nimeamua. Kesho nitamwalika Selemani futari. Mtu akila unamjua.

Jumapili, 26 Februari

Alikuja na suruali yake iliyopunguzwa. Imemkaa vibaya, kifundo cha mguu nje. Nikafurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Nilitandika mkeka uani, tende, uji wa pilipili manga, sambusa, ndagala wa kukaanga, dagaa wa ziwani. Tukangoja adhana. Djibril anamsimulia habari za kabureta, yeye anaitikia tu. Mimi namtazama mikono. Adhana ikaita. Akachukua tende kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukapanda wenyewe mpaka kwenye kipaji cha uso, ukagusa, ukaanza kushuka kuja kifuani — halafu akauzuia. Akajikuna shati! Pale katikati ya kifua, anajikuna kama mwenye upele.

Djibril akamsogezea uji. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu tangu Ijumaa lakini yeye, jasho linamtoka, akanitangulia.

Akaweka tende chini. «Mama, musinitoe inje,» alisema. «Mi ni Sylvère. Yule mwenye kanzu kwenye foto ni baba yangu.»

Nikamwambia baba yake hawezi kuwa na kanzu kama yeye mwenyewe anajipiga msalaba kwenye tende zangu. Hapo Djibril akainua kichwa na kuuliza kama baba yake ni Népomuscène. Kijana akaitikia.

Basi Djibril ndiye aliyesimulia, na miaka yote hii mimi mkewe sijawahi kuisikia! Ngozi haikuwa ya Wazungu. Ilikuwa ya Népomuscène, mtu wa ibwami kweli, aliletwa pamoja na ngozi yake na bangili zake na mkuki wake aigize askari. Mkubwa wa Wazungu akamtazama akasema ni mfupi, hafanani na askari wa ibwami. Wakamtafuta mrefu, wakamkuta Djibril. Akavuliwa yule akavishwa huyu. Ili asikae uchi mbele ya watu, Djibril akampa kanzu yake na kofia yake. Walicheka siku nzima, na ndipo foto ilipopigwa. Miaka yote nilidhani mfupi ni fundi fulani wa hapa mtaani.

Nikauliza sasa anataka nini. Anataka kuvuka kwenda Uvira. Ana mke, Caritas, na mtoto wa kunyonya, wamejificha kwenye kile chumba. Njia ya Gatumba ina bariyeri ya vijana kama wale wa Kinama, na wanauliza baba yako nani. Kanzu ya leo kila mtu ananunua, anasema, hata yeye kanunua. Lakini foto ya zamani hakuna anayebishana nayo. Atawaonyesha: tazameni, baba yangu Mswahili tangu wakati wa Wabelgiji.

Ndiye aliyewaambia wale vijana wa Kinama? Aliapa si yeye. Alikuwa anauliza tu, huku na huku, kama kuna mtu mwenye foto za sinema ile, askari wa ibwami na mwenye kanzu. Anauliza tu! Mjini humu, mwaka huu! Nilitaka kummwagia uji.

Jumatatu, 27 Februari

Tumegombana tangu daku. Djibril anasema tumpe. Mimi nasema foto hiyo ina watu wawili. Mmoja atapita kwa sababu ya kanzu, na mwingine sura yake itasomwa bariyeri zote kuanzia ziwani mpaka Kinama, kwa sababu masikio ya Djibril hayajabadilika tangu 1958, yanaonekana kabla ya yeye mwenyewe.

Na tena, nani anasema ni kweli? Mtu anaweza kujifunza hadithi. Amejifunza sala nusu, kwa nini asijifunze baba?

Djibril ananiambia Népomuscène alivua ngozi yake akasimama pale mbele ya Wazungu, na hakukasirika. Nikamwambia hiyo ilikuwa sinema. Akasema ndiyo, ilikuwa sinema. Kisha akaenda zake kuoga.

Nataka Djibril aishi. Hilo tu. Wengine wote nawaombea, lakini yeye namtaka. Naliandika wazi maana mbele ya yule binti na mtoto wake sitaweza kulisema.

Jumanne, 28 Februari

Nilikwenda kuwaona. Caritas ni mdogo, umri wa Kudra wetu aliyeolewa Kigoma. Amejifunga kanga upande usiofaa, maandishi kichwa chini. Nikamfunga upya. Mtoto akanishika kidole.

Nimerudi nikachana bitana, nikatoa foto. Katikati haikatiki kwa mstari. Mkono wa Djibril uko begani kwa Népomuscène, na mkono una bangili za ibwami mpaka kwenye kiwiko, ukiubakiza ni kama umebakiza ngozi yote. Nikachukua mkasi mdogo wa vifungo. Nikakata kwa kufuata bega, kama ninavyokata shimo la mkono wa gauni, polepole, pumzi nimeishika. Mkono wote ukatoka. Vikabaki vidole vinne juu ya kanzu, vya mtu yeyote.

Nusu ya Djibril nimeichoma jikoni. Nililia — foto niliyoipenda kuliko zote! Djibril alikaa mlangoni akitazama anavyoungua na ngozi yake, akasema kumbe hata kwenye majivu yeye ni mrefu.

Sylvère alipoipokea aliibusu. Nikamwambia asiibusu mbele ya bariyeri, Waislamu wa Buyenzi hawabusu foto. Nikamfundisha kulia kwanza, kisha kushoto. Akarudia mara nyingi kama mtoto wa madrasa. Nikamsikiliza na bado, Mungu wangu, bado sehemu yangu moja inamtazama mikono.

Wanaondoka Alhamisi asubuhi, pamoja na wauza samaki.

Ijumaa, 3 Machi

Idi. Mwezi uliandama jana. Pilau, nguo mpya kwa waliozipata. Watu wanapeana mikono haraka na kurudi ndani. Habari za Gatumba hakuna. Djibril anasema kutokuwa na habari ni habari njema. Tangu lini, katika mji huu?

Amesema Jumatatu atakwenda Kinama kuwaeleza wale vijana. Foto haipo tena, waje waitafute. Nimemuuliza atasema nini. Atasema ukweli, kwamba ilikuwa sinema, na kwamba mwenye ngozi alikuwa mwingine. Nikamwambia mwingine usimtaje, mwanawe yuko njiani. Akakubali. Basi atakuwa na nini cha kueleza?

Jumamosi, 4 Machi

Odette amekuja na vitenge. Amekaa dukani anakunywa chai. Naandika chumbani, nimesema natafuta uzi.

Njia imefunguliwa, anasema, amepita bila shida. Ameuza vizuri. Na amenikumbuka.

«Nimekuletea ingine, mama,» amesema. «Ya ile sinema yako. Iko ndogo, banaikata mubaya, lakini nikasema Mama Kudra ataipenda.»

Mtu mfupi, kanzu, kofia. Vidole vinne begani.

Niliuliza ameitoa wapi. Kwenye mikeka, kwa yule mama ambaye hununua kwake kila siku. Niliuliza yule mama kaitoa wapi. Hajui, hakuuliza, mimi mwenyewe huwa siulizi. Niliuliza kwenye mkeka kulikuwa na nini kingine. Vitu vya watu, anasema.

Labda amevuka. Labda alivuka salama akaitupa, haina kazi tena upande wa pili. Au ameiuza apate nauli ya Uvira. Mtu mwenye mtoto huuza chochote. Lakini aliibusu! Au hakuwa mwana wa Népomuscène. Kwa mara ya kwanza naomba awe mwongo, awe mpelelezi, awe ametucheka mimi na Djibril mpaka Uvira.

Nimeiweka chini ya daftari hili. Haina damu wala tope, nimeigeuza pande zote mbili. Djibril asiione. Akiiona atakwenda Gatumba leo hii kuuliza, namjua, atasimama katikati ya soko na masikio yake anauliza habari za mtu wa ibwami.

Ameingia. Nasikia anamwamkua Odette, anamuuliza njia ikoje. Anamjibu njia nzuri. Sasa Odette anamwambia aniite nije na foto, aone alichoniletea.