Njia ya Hirbadaw

Jumatatu, 7 Julai

Kijiji cha Daudi, kwenda na kurudi. Mara ya tatu sasa. Ukungu mpaka saa tatu, breki zimelowa, vidole vimekufa ganzi. Nimeandika kwenye daftari la kazi: udongo mwekundu, umeshikamana. Magari mawili tu asubuhi nzima. Mlima mmoja wa kushuka kwenye baiskeli na kusukuma. Maji yapo shuleni.

Bi. Rehema amefurahi. Yeye ni afisa utamaduni hapa wilayani Mbulu, mwenyeji wa Tanga, bado anavaa makoti mawili. Anataka njia za baiskeli kwa wageni. Waanzie mjini, walione jengo la zamani la Wajerumani, kanisa la kwanza na soko, halafu watoke kwenda mashambani. Sharti lake moja: njia ziwe kimya.

Alinikuta kwenye kibanda changu cha kutengenezea baiskeli. Watu walimwambia Emanueli anazijua barabara zote. Ni kweli. Niliendesha trekta miaka kumi na miwili kule Hanang, kwenye shamba kubwa la ngano, mpaka lilipoanza kuuzwa vipande vipande na sisi tukapunguzwa.

Jumatano, 9 Julai

Leo kijiji cha Masieda. Njia nzuri kuliko zote. Mbuzi, vumbi, anga.

Sikuipenda.

Nikiwa peke yangu mahali pakimya nasikia injini. Siyo ya gari. Ni trekta, gia ya pili, jembe likiwa chini. Nasimama, inasimama. Nakanyaga pedali, inaanza. Leo imenifuata kutoka mteremko wa mwisho mpaka kwenye nyumba za watu. Nilimsalimia mwanamke aliyekuwa akianika mtama ili tu nisikie sauti ya mtu.

Kibandani haipo. Sokoni haipo. Kwa miaka yote hii nimeishi katikati ya kelele kwa makusudi. Sasa nimekubali kazi ya kutafuta ukimya. Mjinga mimi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimesema uongo.

Bi. Rehema alitandaza ramani mezani. Anataka njia ndefu, ya siku mbili: Mbulu, Dongobesh, Basotu, halafu Hirbadaw, mlima Hanang ukiwa mbele muda wote. Alipitisha kidole pale pale. Mahali penyewe hasa.

Nikamwambia barabara ile imekufa. Makorongo. Baiskeli haipiti.

Aliandika nilichosema. Aliniamini. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumapili, 13 Julai

Nilikwenda kanisani na Marselina. Watu walipopanga mstari wa komunyo nilibaki kwenye benchi. Mke wangu alinitazama, hakuuliza. Haulizi kitu huyu. Ningefurahi angeuliza.

Nitaandika. Sijawahi kuandika wala kusema.

Ulikuwa msimu wa kulima eneo jipya karibu na Hirbadaw. Wabarbaig walikuwa wameambiwa wahame na ng'ombe wao. Wengi walikuwa wameondoka. Katikati ya sehemu yangu palikuwa na bung'eda. Kila mtu wa huku anaijua: kaburi la mzee wao mwenye heshima, udongo uliojengwa ukapanda juu kuliko mtu. Ukoo mzima huja, miezi inapita, wanaimba, wanaujenga tena na tena.

Mwanamke alikuwa amesimama mbele yake. Mrefu, ana fimbo. Nilizima injini. Nilikaa hivyo labda nusu saa. Msimamizi akaja na walinzi wawili. Walimshika mikono wakamsogeza pembeni. Msimamizi akaniambia, "Nyoosha mstari, Emanueli. Unapinda nini?"

Ningeweza kushuka. Wakati ule Marselina alikuwa na mimba ya kwanza, na kazi ile ilikuwa kazi. Lakini ningeweza kushuka.

Nilipita mara nne. Mara ya kwanza trekta lilipanda na kuinama upande. Mara ya nne palikuwa tambarare.

Yule mama hakupiga kelele. Alikaa chini, akanitazama usoni mpaka nilipomaliza.

Msimu ule ngano ya pale ilistawi kuliko ya shamba zima. Ilionekana kwa mbali, duara la kijani kilichokolea. Wenzangu walicheka. Na mimi nilicheka.

Jumanne, 15 Julai

Bi. Rehema amezungumza na dereva wa lori la vitunguu. Barabara ya Hirbadaw ni nzima. Dereva huyo anapita kila wiki.

Hakunigombeza. Alisema taratibu, "Mzee Emanueli, kuna nini kule?"

Nikajibu kwamba nitakwenda kesho.

Jumatano, 16 Julai

Basotu, nyumba ya wageni.

Nilitoka alfajiri. Kutoka Dongobesh barabara inashuka polepole na upepo unakuwa wa joto. Mlima ulijitokeza saa tano, peke yake, kofia ya wingu juu. Mgeni yeyote angeshuka apige picha. Mimi nilitazama tairi la mbele.

Injini ilianza kabla ya ziwa la Basotu. Haikuwa nyuma tena. Ilikuwa inanisubiri mbele.

Mashamba yamebadilika. Sehemu nyingine zimenunuliwa na zimelimwa vizuri. Nyingine zina magugu ya kifuani. Karakana yetu imeng'olewa mabati. Kwenye ukuta bado kuna orodha ya zamu, rangi imebabuka. Herufi tatu za jina langu zinasomeka.

Sijala. Naogopa. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, naogopa.

Alhamisi, 17 Julai

Nitaandika kwa mpangilio, nisije nikajidanganya baadaye.

Nilifika saa nne. Barabara nyeupe, hakuna mtu. Kando ya shamba lililoachwa niliona tuta dogo la udongo, limewekewa nyasi mbichi juu. Karibu yake mwanamke alikuwa akichunga mbuzi. Miaka arobaini hivi, shuka nyeusi, bangili za shaba. Aliponiona na mvi zangu alisema, "Shikamoo."

Niliitikia marahaba. Nikamuuliza lile tuta ni la nani.

"La babu yetu," alisema. "Lakini siyo hapo."

Sikumwelewa.

Akaeleza kwa Kiswahili cha polepole, akitafuta maneno. Anaitwa Udameda. Bung'eda ya babu yake ililimwa zamani. Shamba lilipolegea ukoo ukarudi, ukakuta uwanja mtupu usio na alama hata moja. Mama yake alitafuta. Kila baada ya mavuno alipita kwenye mabua, anachota udongo, anaunusa, anautupa. Miaka. Alikufa akitafuta. Wakajenga tuta hapo kandokando kwa kukisia, kwa sababu mzee hawezi kukaa bila mahali.

"Wajomba wanagombana," alisema. "Huyu anasema hapo, huyu anasema kule. Wengine hawaji tena kwenye sherehe. Tumegawanyika."

Nilishika karia ya baiskeli. Nikasema, "Ni mimi niliyelima."

Hakushtuka. Alinitazama. Macho yalikuwa yale yale ya mwanamke wa fimbo.

"Nilikuwa mtoto," alisema. "Nilijificha kwenye manyasi na ndama. Ulizima injini kwanza."

"Ndiyo."

"Halafu ukawasha."

"Ndiyo."

Mbuzi mmoja akaingia barabarani. Alimrudisha kwa jiwe. Nilidhani atanipiga na mimi, na ningesimama tu. Badala yake aliuliza, "Unapakumbuka?"

Ninapakumbuka. Mungu anisamehe, hakuna mahali duniani ninapopakumbuka kama pale. Dereva anajua mstari wake. Unaliacha kalvati la barabara mgongoni, unaweka pengo la mlima juu ya bomba la moshi la trekta, unakwenda mpaka mti mkubwa wa mgunga uwe mkono wa kushoto kabisa. Mti umekatwa. Kisiki kipo.

Nililaza baiskeli. Niliweka mgongo kwenye kalvati, nikatembea. Udameda nyuma yangu. Magugu yalinikwaruza mapaja. Sauti ya injini masikioni ilikuwa kubwa mpaka nikashindwa kuhesabu hatua. Nilianza upya mara mbili. Mara ya tatu nilisimama.

"Hapa," nilisema.

Mbali sana na tuta lao.

Alikaa chini pale pale, miguu mbele, kama mama yake siku ile. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Baadaye alisema niende Basotu nilale, nirudi kesho wajomba wakiwepo. Sikuahidi kwa maneno. Niliacha pampu yangu pale kwenye magugu iwe alama, na iwe dhamana pia.

Ijumaa, 18 Julai

Wazee sita. Mkubwa wao ni mdogo wa babu aliyezikwa pale, haoni vizuri, aliletwa juu ya punda. Walinifanya nitembee tena kutoka kalvati. Halafu mara nyingine. Nilifika pale pale.

Kijana wao mmoja alichimba na jembe la mkono. Juu udongo wa shamba, wa kahawia, umechoka. Chini ya pale jembe la trekta lilipofikia ukaanza udongo mweusi, mgumu, umeshindiliwa. Siyo wa hapa. Wa ziwani. Wanawake waliubeba zamani kichwani, kutoka Basotu, kuijenga bung'eda.

Akaacha kuchimba mara moja. Mzee aliomba apewe donge. Alilisugua kwa vidole. Alilinusa. Machozi yalimtoka bila uso kubadilika.

Wajomba wawili waliokuwa wamesimama kila mmoja upande wake walikuja wakachuchumaa pamoja. Hawakusemezana. Lakini walichuchumaa pamoja.

Nilisema nilichotaka kusema. Niliwaomba radhi. Udameda alitafsiri, maneno machache kuliko yangu. Mzee alijibu na Udameda akanitafsiria: "Anasema amesikia. Anasema usingoje jibu lingine leo."

Nikaeleza habari ya wageni na baiskeli. Mzee akasema barabara ni ya watu wote, wapite. Ila wasisimame hapa na wasipige picha.

Kisha nikaambiwa niende. Hakuna aliyenipa mkono. Ilikuwa haki yao.

Jumapili, 20 Julai

Nimelala siku nzima ya jana. Homa kidogo.

Injini haijaniacha. Nilidhani itakoma, kama kwenye ushuhuda wa watu kanisani. Nilipokuwa napanda kutoka Dongobesh ilikuwepo, ila kwa mbali, kama ya mtu mwingine anayelima shamba lake.

Jumatatu, 21 Julai

Nimempelekea Bi. Rehema daftari. Njia ya Hirbadaw ipo, nimeiandika yote. Kwenye kipande kile nimeandika: pita bila kusimama, usipige picha, ni makaburi. Nilimwambia pia kwamba nilimdanganya, na kwa nini. Alivua miwani, akaivaa. Alisema ataweka maneno yangu kama yalivyo.

Alasiri nilimweleza Marselina. Alikuwa anapukuchua maharage. Nilisema yote, mpaka ile ngano ya kijani na kicheko. Hakuacha kupukuchua. Nilipomaliza akauliza huyo mzee wa kaburini aliitwa nani.

Sikujua. Siku mbili nimekaa na watu wake, nikanyoosha kidole mahali alipolala, na sikuuliza jina.

Marselina alisogeza ungo, akanipisha mahali pa kukaa. Tukapukuchua mpaka jua likaondoka uani.