Kwa Baba, Aliyesema Mimi ni Mgeni

Mansfield, Texas

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini shikamoo ni yako na naitoa. Goti linaendeleaje? Mama anasema umeanza tena kupanda ngazi kukagua paa. Shuka, baba, hilo paa halina haraka. Sisi huku wazima. Mjukuu wako Manka ameota meno mawili na anang'ata kila kitu, tabia ya ukoo wetu.

Sasa tuseme ukweli. Jumapili nilikuwa Pearland kwa mama mdogo, yule muuguzi. Alinipikia ndizi, akaniacha nishibe kwanza, ndipo akanieleza uliyosema kwenye kikao cha ukoo: kwamba nimeukana uraia ili nichore ndege za vita za watu wengine, kwamba sasa ni mgeni, na Desemba nikija nitafute hoteli mjini. Hata fungu langu la mbuzi wa ukoo anayechinjwa Desemba wapewe wengine. Nililia, baba. Halafu nikakasirika, na hasira ndiyo inayoandika.

Uraia niliukana, ndiyo. Kazi yangu ni ya raia wa hapa tu, na nchi yetu haitaki mtu awe na uraia wa nchi mbili. Siku niliyoituma pasipoti yangu ubalozini nilikaa ndani ya gari nje ya posta, nikashindwa kuwasha injini. Hukuniuliza niliumia vipi. Nilikuja huku kusoma, nikasafisha vyumba vya hoteli Euless miaka minne, nikachora viti vya ndege za abiria, ndipo nikafika kwenye mabawa. Niachie hapo? Thubutu!

Na vita? Wewe mwenyewe ulibeba bunduki mpakani ukiwa kijana, na hakuna aliyekulaza hotelini uliporudi. Kuna siku nafsi inanisumbua, sikufichi. Lakini nataka rubani arudi kwao, na hilo siliombei radhi.

Ngoja nikupe la mwezi jana. Ndege yenyewe siruhusiwi kuitaja. Bosi alitaka nisaini mchoro wa kipande cha bawa, maana ulikuwa umechelewa. Nikaona nati moja imejificha nyuma ya bomba. Nikakataa. Akasema kompyuta imeshakubali. Nikamwambia kompyuta haina mkono. Tukakitengeneza kipande kile kwa mbao, nikamwita Mzee Nestori, Mrundi, fundi wetu wa kuunganisha. Akaingiza mkono, ukakwama mbele ya wakubwa wote.

"Mama, hii nati nitaifungua na meno?" akauliza.

Tulimtoa kwa sabuni ya vyombo. Mchoro ukarudiwa, nami nikapewa barua ya onyo kwa kumdharau bosi. Nimeibandika ukutani, juu ya meza yangu.

Unajua nani alinifundisha ukaidi huo? Nilikuwa na miaka tisa, nakushikia spana ukitengeneza mashine za kumenya kahawa za kijiji kizima. Ulinichapa kibao cha mkono ukasema, "Usifunge nati ambayo mwenzako hataweza kuifungua." Mbuzi mnaweza kuninyima. Hilo hamwezi kuninyang'anya.

Nisalimie mama, mwambie sweta alilotuma limemtosha Manka. Kaka Elia anayelima kihamba, shamba letu la ukoo, mwambie asiikate ile migomba ya karibu na jiko. Na shangazi, aliyenitetea peke yake kikaoni, mwambie nimesikia na ninashukuru.

Tiketi nimeshakata. Uwanjani nitapanga foleni ya wageni na kugongewa viza kama mtalii. Sawa, sheria ni sheria. Lakini nikifika nyumbani sitabisha hodi. Nitasukuma geti niingie. Na kama umelifunga, baba, nakuja na spana. Nati za bawaba zake nazijua zilipo. Tulizifunga pamoja.

Binti yako, upende usipende,
Ndeshi