Mama Mkwe na Tumbo la Farasi

Alhamisi, mvua imeanza.

Imenyesha juzi na jana, na leo asubuhi Kasongo yote inanuka udongo uliolowa. Watu wanamshukuru Mungu. Mimi pia nimeshukuru, lakini kwa nusu ya moyo, kwa sababu ndimi mchunga farasi wa misheni, na wakati huu naogopa majani kuliko chui.

Farasi wetu anaitwa Baraka. Alitoka juu milimani, upande wa Kivu. Huku kwetu mbung'o huwamaliza wenzake. Huyu tumemlinda kwa moshi na kwa rozari. Kiangazi kizima alikula majani makavu. Mvua ikianguka, majani mabichi yanatoka laini, matamu, na farasi akiyala mengi kwa ghafla tumbo linajaa upepo, linasokota. Farasi hawezi kutapika. Kilichoingia kitoke nyuma, au afe. Kwa hiyo ninamzoesha polepole: konzi ya mabichi ndani ya makavu, kesho naongeza kidogo, maji kabla ya chakula, na haendi malishoni mpaka umande ukauke.

Mwaka huu paa la ghala limevuja. Majani makavu mengi yameota kuvu, na hayo nayo ni sumu kwake. Yaliyobaki ni machache.

Basi, leo.

Mama mkwe, mama yake Veronika wangu, alikuja mchana na kitunga kichwani kimejaa matembele mabichi. Anampenda farasi huyu. Kiangazi, alipolala na homa, Mompe, padri wetu, alimpelekea dawa akiwa juu ya Baraka, kwa njia ambayo lori halipiti. Tangu hapo anawaambia wanawake kisimani kwamba mkwe wake ana roho mbaya, anamlisha mgeni majani ya kuezekea. "Nyumba," anasema. "Anamulisha nyumba."

Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni wala hasemi naye. Ukimwona njiani unaingia porini mpaka apite. Neno lolote linapitia kwa mke wako. Na Veronika amekwenda Nyangwe kununua samaki.

Nilipomwona nikafanya nilivyofundishwa na baba: nikajificha nyuma ya ghala. Nilifikiri atatua kitunga aondoke, nami niyatoe. Hakuondoka. Aliyamwaga yote mbele ya farasi, akakaa juu ya gogo, akamtazama akila, akimsifu. Mimi nimesimama pale, nasikia meno yanasaga. Niliweza kukohoa tu. Nilikohoa. Akageuza uso kwa adabu. Farasi akaendelea kula.

Heshima ilinifunga miguu.

Yeye alipokwenda nyumbani, horini hapakuwa na hata jani moja.

Jua lilipoanza kushuka, Baraka akaanza kuparua udongo kwa kwato. Akageuza shingo kutazama ubavu wake, kama mtu anayeuliza nani amempiga. Jasho likamtoka. Nikaweka sikio kwenye tumbo. Tumbo la farasi mzima halinyamazi, linanguruma kama mto ulio mbali. Hili lilikuwa kimya.

Akalala chini, akataka kujiviringisha. Hapo ndipo matumbo hujifunga fundo. Mompe yuko Kabambare. Nikavuta kamba peke yangu, namwomba Bikira Maria, na farasi mzito kuliko sala yangu. Mara nikasikia mtu upande wa pili anamsukuma kwa bega. Mama mkwe alikuwa amerudi kuchukua kitunga chake. Nilimjua kwa kikwembe alichojifunga kiunoni, macho sikuyainua. Baraka akasimama.

Tukamtembeza kuzunguka uwanja, mimi kushoto, yeye kulia, farasi katikati yetu kama ukuta. Mvua nyembamba ikaanza. Kisha mama akasema, si na mimi, na sikio la farasi:

"Ee farasi, uambie mutu wako. Kama kile chakula iko kinaua, sababu gani alikohoa tu?"

Aibu ilinishika. Nikajibu, mimi pia kwa farasi:

"Farasi, uambie mama nilimuogopa yeye kuliko kifo chako. Majani yake si mabaya, yamekuja haraka. Tumbo lako halijajua bado kama mvua imefika."

Nikamweleza farasi yote, konzi, maji, umande, ghala, kuvu. Mama akasikiliza, akamuuliza farasi kama yeye ni mufalme ao mutoto muchanga. Nilicheka, na kucheka kukanitia woga, maana tumbo bado lilikuwa kimya. Kila Baraka alipopinda magoti tulimpigia kelele pamoja, mkwe na mama mkwe. Sijui wazee wangesema nini.

Kabla ya kengele ya jioni Baraka akainua mkia, akatoa upepo mrefu kama tarumbeta ya askari, kisha mavi. Mavi, Mungu wangu. Sijawahi kupiga ishara ya msalaba mbele ya mavi, leo nimepiga. Mama akatoa kigelegele kidogo, akajifunika mdomo, akaondoka bila kuaga, inavyopasa.

Naandika mlangoni, mwanga bado upo. Baraka amesimama, masikio mbele. Leo halali na kitu tumboni ila maji ya vuguvugu.

Nilipokwenda sasa hivi kufunga zizi, nimekuta tita la majani makavu limeegemezwa ukutani, limefunikwa kikwembe lisilowe. Nayajua majani hayo. Mama mkwe aliyakata kiangazi kwa ajili ya paa lake, linalovuja juu ya kitanda chake.

Sikumwita. Ningemwitaje?

Kesho atakwenda shambani. Akishavuka kijito nitapanda juu ya nyumba yake, niiezeke. Bondeni majani marefu yamebaki, yamelowa. Farasi hawezi kuyala, lakini paa halina tumbo. Bwana, zuia mvua mpaka nishuke.